Hoteli Kalimera na Sufuria za Arusi

Kisangani, tarehe 12 Januari 2025

Koko wangu mpendwa,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimejifungia chumbani na kalamu mpya, na nimejiapia kwamba nitakuambia kila kitu kama kilivyo, hata lile ambalo Mama amesema nisikuandikie.

Kwanza nakusalimu sana. Hapa Mangobo tuko wazima wote. Mama bado anauza lituma mbele ya nyumba, na watu wanatoka hata Tshopo kuja kula, wanasema ndizi zake zimepondwa kama za zamani. Mdogo wangu Jephté ameng'oka jino la mbele. Tulimwambia alitupe juu ya paa ili panya amletee jipya, akakataa kabisa. Anasema panya wa Mangobo ni wezi, watachukua la zamani na jipya hawataleta. Analala nalo mfukoni.

Wewe je, mgongo unaendeleaje? Maji yamefika wapi huko Barumbu? Samaki wako wa moshi walifika na balenieri ya Gédéon, ile boti yake ya mbao, isipokuwa mmoja. Gédéon aliapa kwamba aliangukia mtoni karibu na Isangi, lakini alipokuwa anaapa mdomo wake ulinukia moshi.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Prof wetu wa historia, Bwana Hugues, ametuagiza kila mmoja achague nyumba moja ya zamani mjini, aandike nani aliijenga, nani aliichukua, nani anakaa humo leo. Wengi wamechagua makanisa, kwa sababu mapadri wanapenda kueleza. Mimi nilichagua ile hoteli ya ghorofa moja kule Makiso, karibu na bandari, yenye vibaraza vya chuma. Unajua jinsi rangi yake inavyobanduka, na chini ya jina moja kunatokea jina lingine? Nilipomwambia Mama, mwiko ulisimama ndani ya chungu.

"Achana na ile nyumba," alisema.

"Kwa nini, Mama?"

"Iko na popo."

Nilikwenda, Koko. Nisamehe, na umwombe Mama anisamehe. Nilimkuta uani mwanamke mmoja mwenye ufagio mkono mmoja na rundo la funguo mkono mwingine. Jina lake Mama Hadidja. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu: wa Mama Augustine wa Mangobo, binti wa Koko Nicolas. Basi aliweka ufagio chini, akakaa kwenye ngazi.

"Nicolas ya Isangi? Mwenye kupika?"

"Ndiyo, Mama."

"Aah! Unakuya kuandika historia ya nyumba, na historia yenyewe iko inatembea na miguu yako! Mutoto, nusu ya hii hoteli iko ya Koko yako. Nusu ingine iko ya papa yangu, Muzee Mohamadi. Haukujua?"

Sikujua. Nilisimama pale na daftari langu kama mtu aliyeitwa ubaoni bila kusoma somo. Koko, kwa nini hukuwahi kuniambia? Niambie mwanzo wake, niambie na mwisho wake.

Mjukuu wako,
Aimée

*

Barumbu, tarehe 2 Februari 2025

Aimée, mujukuu wangu,

Barua yako nimeipata. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Maji yamepanda hadi kwenye mguu wa kibanda changu cha nyavu, lakini ndani hayajaingia. Mwambie Jephté ana akili, panya si wa kuaminiwa. Mwambie Gédéon kwamba samaki niliwafunga mimi mwenyewe, na najua fundo langu.

Unataka historia. Bon, nitakupa historia, usije ukapata sifuri kwa sababu yangu.

Nyumba ile ilijengwa na Mgiriki, kabla ya Uhuru. Watu walimwita Papa Kosta. Kila asubuhi alikaa kibarazani na kikombe chake kidogo cha kahawa, na kila aliyepita, awe mzungu, awe mbeba mizigo, alimwambia "Kalimera", maana yake habari za asubuhi kwa lugha yake. Hakuandika jina lolote ukutani. Watu wenyewe ndio waliiita Hoteli Kalimera. Alipoona jina limekwisha kushika ndipo akalipaka rangi.

Mwaka wa sabini na tatu serikali ilichukua biashara za wageni, ikawapa wananchi. Papa Kosta alifunga sanduku moja, akapita barabarani akiwaambia watu Kalimera ingawa ilikuwa jioni, akaondoka. Nyumba alipewa bwana mmoja mkubwa ambaye hajawahi kubeba hata sahani yake mwenyewe. Aliandika HOTELI YA HESHIMA juu ya mlango. Kisha akauza vitanda. Kisha akauza mapanka ya hewa. Kisha akauza milango. Heshima ilibaki ukutani tu.

Mimi na Mohamadi tuliinunua kwake mwaka wa themanini na nne. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mimi nilikuwa mpishi kwenye meli. Vyumba havikuwa na milango, kwa hiyo kabla ya kupata milango mipya alitundika vitenge vyake, na tuliwafundisha wageni kukohoa kabla ya kuingia. Mgeni mmoja alikuwa na kifua. Alikohoa usiku kucha, na majirani zake wakawa wanaitika "Karibu, karibu" mpaka asubuhi! Jina tulishindwa kukubaliana. Upande wa mto niliandika mimi BANDEKO, upande wa soko akaandika yeye NDUGU. Ni neno lile lile, langu kwa Kilingala, lake kwa Kiswahili. Tulicheka sana siku ile, tukiwa na rangi hadi kwenye nywele.

Yeye alishika vyumba na wageni, mimi nilishika jiko. Halafu nikaondoka.

Huku Barumbu samaki aina ya mboto ni wazuri mwaka huu. Nakutumia saba, uwahesabu mbele ya Gédéon.

Koko wako,
Nicolas

*

Kisangani, tarehe 23 Februari 2025

Koko wangu mpendwa,

Asante kwa mboto. Nimewahesabu mbele ya Gédéon, na walikuwa saba. Alinitazama kama mtu aliyeonewa. Mtihani wa hesabu nimeupita, wa kemia sitaki kuuzungumzia. Jino jipya la Jephté limeanza kutokea, naye anasema ameshinda panya.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Mama. Mahali pa mgeni mwenye kifua alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilipofika pale ulipoandika "Halafu nikaondoka", alichukua ndoo akaenda kuchota maji. Koko, pipa lilikuwa limejaa.

Sasa nina habari kubwa. Mama Hadidja amenipeleka Kabondo kwa baba yake. Yuko hai, ni mzee sana, kofia yake ni nyeupe kabisa na haoni vizuri. Alinivuta karibu, akanipapasa kichwa.

"Masikio iko ya Nicolas," alisema. "Masikini, mutoto mwanamuke na masikio kama ile!"

"Papa!" Mama Hadidja alimkemea.

"Minasema kweli. Lakini wenye masikio makubwa wanasikia vizuri. Sikia basi, mujukuu."

Akanieleza. Baada yako, Koko, vita vilikuja, askari wakalala hotelini, wakapika kwa mbao za ngazi. Baadaye kulikuwa na watu wa misaada wenye magari meupe, wakaweka ngazi mpya. Baadaye kanisa moja la maombi, na majirani wakakosa usingizi. Mwisho walibaki popo. Sasa Mama Hadidja amewafukuza popo, ameziba paa, ametengeneza vitanda, anataka kuifungua tena. Lakini kuna bwana kutoka Kinshasa mwenye malori ya simenti. Anataka kuinunua, avunje kuta za vyumba vyote, aijaze mifuko ya simenti. Atarudi kuchukua jibu baada ya Pasaka.

"Na wewe unataka nini, Koko Mohamadi?" nilimwuliza.

"Nyumba tulinunua wawili," alisema. "Kuuza ni wawili, kufungua ni wawili. Mimi peke yangu iko nusu ya mutu. Mwandikie. Akisema tufungue, tutafungua. Akinyamaza hadi Pasaka, basi nitajua ameitupa, na ule wa simenti aichukue. Nyumba yenye kufungwa inaoza, na mimi niko naoza nayo."

Nikauliza kwa nini uliondoka. Aliomba maji ya kunywa, na alipomaliza kunywa akasema amechoka.

Ni Mama Hadidja aliyeniambia njiani. Alisema ilikuwa arusi yake, mwaka wa tisini na tano, na karamu ilikuwa ifanyike hotelini, na wewe ndiwe mpishi. Siku moja kabla ya arusi bibi yake, mama yake Mzee Mohamadi, alikupelekea sufuria mpya zinazong'aa. Wewe hukuzigusa. Uliacha funguo juu ya kifuniko cha ile kubwa, ukamchukua Mama, aliyekuwa mtoto, mkashuka bandarini. Bibi yake alilia. Wanawake wa jirani wakapika kwa haraka, wakaunguza. "Siku ya arusi yangu nilikula wali mweusi," aliniambia, "na bwana yangu mpaka leo anaamini sisi wote kwetu hatujui kupika."

Alicheka alipokuwa anasema hivyo, Koko, lakini hakucheka mwanzoni.

Sitaki vyumba vile vijae simenti. Nimekwisha kuviona vyote. Kile cha juu upande wa mto, ukifungua dirisha, upepo unaingia na harufu ya maji na sauti za watu wa bandarini wakibishana, na mtu anaona kama mji wote umekuja kumsalimia. Na nataka urudi. Hilo la pili ningelitaja kwanza, lakini nimefundishwa kwamba la maana huwekwa mwisho.

Kwa nini ulikataa sufuria?

Mjukuu wako,
Aimée

*

Barumbu, tarehe 16 Machi 2025

Aimée,

Mimi mzima. Nyavu zimepasuka, nimezishona. Kemia uisome.

Mimi nilikataa? Ndivyo wanavyosema, kwamba mimi nilikataa? Basi chukua barua hii umsomee yule mzee, na usome kwa sauti, sikio lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani.

Mohamadi, katika jiko langu kulikuwa na meko mawili. Upande wa kulia nilipika kila kitu, na nguruwe pia, kwa wageni waliotaka. Upande wa kushoto nilipika chakula cha watu wa msikiti. Sufuria za kushoto hazikuvuka kwenda kulia hata siku moja, wala mwiko, wala kitambaa cha kufutia. Aliyekosea nilimpiga vidole kwa upawa. Wewe hukuniomba. Nilifanya kwa moyo wangu, kwa sababu ulikuwa unakula kwangu kila siku bila kuuliza swali.

Halafu binti yako anaolewa, mtoto niliyemlisha uji, na nimekwisha kununua viungo vyote. Anakuja mtu na baiskeli, anapanga sufuria mpya mlangoni pangu mbele ya wapishi wangu wote, anasema: "Ya arusi ni hizi. Mupike mu hizi, si mu zingine." Wapishi wangu wakatazama chini.

Mutu akikutukana kwa mdomo, utamjibu. Akikutukana kwa sufuria, utamjibu na nini? Niliona kwamba miaka yote ile mlikuwa mnakula kwangu huku mnashuku sufuria zangu.

Nimemaliza. Simenti au si simenti, ni juu yenu.

Nicolas

Aimée, je, popo wametoka kweli? Mlango wa kile chumba cha juu upande wa mto hukwama wakati wa mvua. Usivutwe, utang'oka bawaba. Usukumwe kwa bega, polepole.

*

Kisangani, tarehe 6 Aprili 2025

Koko wangu, Koko wangu,

Salamu nitazifupisha leo, na unisamehe, maana mkono unakimbia. Sisi wazima, Jephté mzima, kemia nimepata kumi na mbili juu ya ishirini. Nitakuambia yote kwa mpangilio wake.

Barua yako ilifika mwisho wa mfungo. Niliona si vizuri kumpelekea mtu aliyefunga maneno makali, kwa hiyo nilingoja Idi ipite. Nilipovaa viatu kwenda Kabondo, Mama alifunika chungu cha lituma, akavua aproni, akasema, "Twende." Wateja walikuwa wamekaa wanangoja! Aliwaambia wajipakulie.

Mzee Mohamadi alimtambua Mama kwa sauti tu. "Augustine, uliyekuwa unaiba sukari," alisema. Mama, mwenye miaka arobaini, alijificha uso kama mtoto.

Nilisoma barua kwa sauti kama ulivyoagiza, kwenye sikio la kulia. Nilipofika kwa mtu wa baiskeli, alinishika mkono.

"Soma tena pale."

Nikasoma: mupike mu hizi, si mu zingine.

"Tena."

Nikasoma tena. Koko, alianza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na Mama Hadidja akaiokota, akamrudishia, ikaanguka tena. Kisha akawa hacheki, machozi yanamtoka.

"Ile sufuria ilikuwa yake," alisema. "Yake! Kwetu, bibi wa bibi-arusi anamununulia mupishi sufuria mupya. Mupishi anapika chakula ya arusi mule kwanza, si mu zingine, ili baraka iingie. Kisha anazipeleka kwake, zinabaki zake siku zote. Na hazipewi mupishi wa kukodi, hapana! Wa kukodi unamulipa, anaenda. Sufuria wanamupa ule mwenye wanataka awe ndugu ya mutoto. Mama yangu alitembea soko nzima kuzichagua."

"Na Koko hakuambiwa?" niliuliza.

"Nani angemuambia? Alijua siku zetu za kufunga kuliko watoto yangu. Alijua dua ya chakula, alikuwa anasahihisha wageni. Ningefikiri aje kwamba la sufuria halijui? Niliona funguo juu ya kifuniko, nikasema: Bon, Nicolas hataki undugu wetu. Amemurudishia mama yangu zawadi mbele ya watu. Nami nikakasirika."

Mama Hadidja aliweka mikono kiunoni. "Donc, Papa, yeye alikuwa anangoja muombe musamaha, na weye ulikuwa unangoja yeye aombe?"

"Tulikuwa wanaume wawili wenye heshima."

"Wenye kichwa ngumu!"

"Ni ile ile," alisema mzee.

Hapo Mama yangu akazungumza. Hajawahi kuniambia hili, Koko, na nadhani hata wewe hakuwahi kukuambia. Alisema kwamba usiku ule kwenye boti alikuwa amevaa gauni jipya ulilomshonea kwa ajili ya arusi, na alikataa kulivua mpaka Yanonge, kwa sababu alidhani mnaipeleka arusi mahali pengine na mtafika tu. Mama Hadidja alimkumbatia, nao wakalia, na walipomaliza wakaanza kubishana nani alikuwa mwizi mkubwa wa sukari.

Kisha Mama Hadidja akaingia chumba cha ndani, na tulisikia mlio wa vyuma. Koko, zipo! Siku ile ile bibi yake alizirudisha Kabondo, akazifunga kwa shuka. Katika vita watu walikimbia wakiacha magodoro, lakini sufuria walizizika uani, na baadaye wakazifukua. Hakuna aliyewahi kupika humo hata chai. Bibi aliwakataza: ni za mwenyewe. Mama aligonga ile kubwa kwa kidole, ikalia kama kengele ya misa. Zimefifia kidogo kwa nje. Ndani unaweza kujiona uso, na nilijiona na masikio yangu.

Mzee Mohamadi ameniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Sileti musamaha, kwa sababu hakuna mwenye kukosa. Na sikubembelezi, kwa sababu weye hupendi. Ninakupa habari tu. Hadidja iko na binti, Safiya. Safiya anaolewa mwezi wa sita. Arusi itakuwa hotelini kama hoteli itafunguka. Mupishi hatujapata."

Mama Hadidja akaongeza kwamba bwana yake amengoja karamu ile miaka yote, na angependa kabla hajafa ajue kama kweli kwao wanajua kupika.

Mtu wa simenti anarudi wiki moja baada ya Pasaka. Mzee amesema atamkalisha, atampa chai, atamwuliza habari za malori yake moja moja, lakini hawezi kumkalisha siku nyingi. Gédéon anashuka kesho alfajiri. Nimemwambia asigeuze balenieri pale Barumbu mpaka umwekee jibu mkononi, na ameahidi kungoja hata ukimtukana.

Mlango wa chumba cha juu nimeusukuma kwa bega, polepole, kama ulivyosema. Ulifunguka. Mama Hadidja alisema hakuna mtu mwingine aliyejua siri ya mlango ule, alikuwa amekwisha kumwita seremala auondoe.

Kazi yangu ya historia bado sijaimaliza. Prof Hugues ameniuliza mara mbili. Nimemwambia wenye nyumba hawajamaliza kuitengeneza, naye akasema nitapewa hadi Juni. Nimeacha ukurasa mzima mweupe, na siogopi tena weupe wake. Mama ananiita, anasema nikuulize mambo ya nyavu na mgongo, na kama utaleta blanketi lako au akununulie. Lakini hayo yatangoja. Mimi Aimée, mjukuu wako mwenye masikio yako, nataka kwanza neno moja, na nalitaka kwa balenieri hii hii: sufuria za arusi, Koko, unazipokea?